Mchungaji amesema maskini tutakuwa nao siku zote, basi tuache kuwapa. Yesu alimaanisha hivyo?

#1 MamaDukaMaweni (Jumamosi, saa 3:10 usiku)

Salamu kwenu nyote. Nina duka dogo la rejareja hapa Maweni, Malindi, mwaka wa 11 sasa. Mtu wa pwani anajua Ijumaa ilivyo. Kuanzia saa tatu asubuhi wanapita mlango kwa mlango: akina mama na fimbo zao, vipofu wanaoongozwa na wajukuu, wazee. Mimi ni Mkristo, lakini tangu nifungue duka nina kopo la siagi ninaloliweka tayari Alhamisi usiku, sarafu za tano na za kumi, kila mmoja apate.

Kuna mzee mmoja ambaye kwa kweli haombi. Macho yake yameingia ukungu. Husimama pembeni ya mlango akasema "Hodi hapa," basi, akangoja.

Jumapili iliyopita mchungaji wetu alihubiri kwamba Yesu mwenyewe alisema "maskini mnao siku zote". Akafafanua kuwa umaskini hautaisha, na kumpa ombaomba ni kumwaga maji baharini, heri pesa hiyo iletwe madhabahuni. Akamalizia na asiyefanya kazi na asile.

Jana sikuweka kopo. Yule mzee akaja, nikamwambia, "Leo hakuna, babu." Akajibu, "Haya mwanangu, Mungu akuzidishie," akateremka ngazi akipapasa ukuta. Sarafu zilikuwa kwenye droo, na yeye nadhani alizisikia nikifunga.

Nauliza tu: Yesu alisema hivyo? Na kama alisema, alitaka tufanye nini? Wasio Wakristo pia karibuni.

#2 Katekista_Barani (saa 3:41 usiku)

Dada, pole. Alisema, ndiyo, lakini mchungaji amekata sentensi. Fungua Marko 14:7: "Maana sikuzote mnao maskini pamoja nanyi, na kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema, bali mimi hamnami sikuzote." Hicho kipande cha katikati ndicho kimeachwa.

Na tazama mahali. Ni Bethania, nyumbani kwa Simoni mkoma, siku chache kabla ya kusulubiwa. Mwanamke amevunja kibweta cha marhamu ya nardo akammiminia Yesu kichwani. Watu wananung'unika kwamba yangeuzwa zaidi ya dinari 300 wakapewa maskini. Yesu anamtetea yule mama kwa sababu anamwandalia mazishi. Hakuwa akitoa fundisho la kuwanyima maskini.

#3 MwanaWaGanda (saa 3:58 usiku)

Nitasema wasiyotaka kusema wengine. Mimi nimekulia Ganda, baba yangu alikuwa na mguu mmoja na alikuwa akishona viatu mpaka siku ya kufa. Hakuwahi kunyoosha mkono. Ombaomba wawili wa pale mjini nawajua, wana vyumba vya kupangisha. Watoto wengine wanaletwa na watu wazima wanaowangoja nyuma ya soko. Mama, ukiweka kopo kila Ijumaa unawalipa wale wanaowatuma watoto. Mchungaji hajakosea kuhusu kazi, hata kama aya aliisoma nusu.

#4 MwalimuMstaafu (saa 4:20 usiku)

Nimefundisha somo la dini miaka 29, niruhusuni.

Maneno hayo Yesu hakuyabuni siku ile. Yako kwenye Kumbukumbu la Torati 15:11, kwamba maskini hawatakoma katika nchi, na *kwa sababu hiyo* Mungu anaamuru umfungulie mkono ndugu yako. Waliokuwa mezani Bethania ni Wayahudi waliokariri Torati tangu utotoni. Mimi nikisema hapa "haba na haba", yuko asiyeweza kumalizia? Yesu alitaja mwanzo, wenzake wakasikia na mwisho wake. Sura hiyo hiyo inaanza na amri ya kusamehe madeni kila mwaka wa saba, na aya ya 4 inasema kwenu hapatakuwa na maskini, iwapo watu watatii. Kwa hiyo zipo zote mbili: hapatakuwa nao mkitii, hawatakoma kwa sababu hamtatii.

La pili. "Asiyefanya kazi na asile" si neno la Yesu. Ni Paulo, 2 Wathesalonike 3:10, na alichoandika ni "ikiwa mtu *hataki* kufanya kazi". Asiyetaka na asiyeweza ni watu wawili. @MwanaWaGanda, baba yako alikuwa na mikono. Mzee wa mleta uzi hana macho.

#5 TuktukStage (saa 4:33 usiku)

Mwalimu hujabadilika, hata huku unaweka alama nyekundu 😄

Nami nina langu. Mwaka juzi usiku nilimkuta mtu amepigwa na kuporwa, yuko kando ya barabara ya Mombasa. Magari mawili yamempita nikiona. Nikampakia hadi hospitali. Nilipofika wakaniuliza mimi ni nani kwake. Nikaambiwa nisiondoke, nikaandikisha maelezo, nikakaa hadi saa nne asubuhi. Kiti kimejaa damu, na hesabu ya siku mwenye tuktuk aliitaka kamili. Nasoma Msamaria Mwema na kujiambia yule alikuwa na punda wake mwenyewe. Yangu ni ya mtu.

Yule niliyembeba alipona. Huwa ananipungia mkono.

#6 Katekista_Barani (saa 4:50 usiku)

@TuktukStage Mungu akulipe kaka. Na soma tena Luka 10, Msamaria naye alitoa hesabu. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Dinari ilikuwa kibarua cha siku nzima (Mathayo 20:2). Kwa hiyo mbili ni siku mbili za jasho kwa mtu asiyemjua, tena wa kabila lililochukiana na lake.

Na kwa hesabu hiyo, marhamu ya dinari 300 ni karibu kibarua cha mwaka mzima, ukiondoa Sabato. Kelele zile si za bure. Hata mimi ningenung'unika.

#7 MjukuuWaGanze (saa 5:02 usiku)

Aliyenung'unika ni Yuda Iskariote, kwa sababu alikuwa mwizi na mfuko alikuwa nao yeye. Wanaosema "pesa hizi zingepewa maskini" mara nyingi ndio wanaoushika mfuko.

#8 MwalimuMstaafu (saa 5:09 usiku)

Yuda anatajwa na Yohana peke yake (12:4–6). Marko anasema ni baadhi ya waliokuwapo, Mathayo anasema ni wanafunzi. Tusimtwike Yuda mzigo wa kumi na wawili.

#9 BintiMambrui (Jumapili, saa 1:15 asubuhi)

Assalamu alaykum na habari za asubuhi. Mimi ni Muislamu, ila uzi huu umenikalia moyoni tangu jana. Jirani yangu Mkristo aliwahi kunisomea mahali Yesu anasema nilikuwa na njaa mkanipa chakula, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Nilishtuka, kwa sababu sisi tunayo hadithi, Mwenyezi Mungu atamwambia mja siku ya Kiama: niliumwa hukuja kunitazama, nilikuomba chakula hukunilisha. Mja atauliza, vipi nikulishe na wewe ndiye Mola wa viumbe? Naye ataambiwa, fulani alikuomba, na lau ungemlisha ungelikuta hilo kwangu.

Dada mleta uzi, yule babu yuwaja kwa heshima. Asemaye hodi kisha akangoja ni mtu aliyekuwa na mlango wake.

#10 Ustadh_Shela (saa 2:40 asubuhi)

Wa alaykumu salaam binti. Hadithi hiyo ni hadith qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, na ameipokea Imam Muslim katika Sahihi yake. Nyongeza: Sura ya 93 aya ya 10 inakataza kumkaripia anayeomba. Haikusema umpe kila aombacho. Imesema usimkemee.

Nirekebishe jambo kwa wasio Waislamu. Sarafu za Ijumaa ni sadaka ya hiari, ada ya miji yetu. Zaka ni kitu kingine, ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kupitiwa na mwaka, na wanaostahiki wametajwa kwa aina nane. Lau zaka ingetolewa sawasawa, foleni ya Ijumaa ingekuwa fupi. Nalisema hili msikitini kwetu pia, tena kwa uchungu.

#11 MwanaWaGanda (saa 3:05 asubuhi)

Ustadh umeniunga mkono bila kujua. Mfumo kwanza, kopo baadaye.

#12 Ustadh_Shela (saa 3:11 asubuhi)

Sikusema "baadaye", ndugu yangu.

#13 MjukuuWaGanze (saa 7:30 mchana)

Nimetoka kanisani na roho haijatulia, niseme ya bibi yangu.

Bibi alikuwa na mbuzi wanne. Ulikuja mwaka wa ukame, mnajua Ganze ukame ulivyo, mtu anafuata maji tangu alfajiri. Likaja kanisa fulani na mkutano wa siku tatu. Wakahubiri yule mjane aliyetia senti mbili, wakasema panda mbegu yako ya mwisho uone Mungu. Bibi akauza mbuzi wawili akapeleka pesa zote. Tulikuwa wajukuu watano pale nyumbani. Miezi ile tulikula mchicha wa porini na uji usio na kitu. Mhubiri hakurudi Ganze tena.

Nilipojifunza kusoma vizuri nilienda kuitafuta hiyo aya. Iko Marko 12:41. Kisha nikasoma ya juu yake, aya ya 40: Yesu analaani waandishi "ambao hula nyumba za wajane". Dakika moja anawataja wanaokula nyumba za wajane, dakika inayofuata mjane anatoa riziki yake yote hekaluni. Na mwanzo wa sura ya 13 anasema hekalu lile halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mimi siamini kwamba pale anafurahi. Nadhani anaumia. Anawaonyesha wanafunzi: tazameni, ndivyo nyumba ya mjane inavyoliwa.

#14 MwanaWaGanda (saa 7:52 mchana)

Pole sana kwa ya bibi, huyo mhubiri ana lake la kujibu mbele za Mungu. Lakini Yesu anasema wazi huyu mjane ametia zaidi ya wote. Hiyo ni sifa. Alitoa kwa hiari na Yesu hakumzuia. Usimnyang'anye mjane heshima yake kwa sababu ya tapeli aliyekuja baadaye.

#15 MwalimuMstaafu (saa 8:15 mchana)

Wasomi wamegawanyika hapo hapo, nanyi mmefika bila kuambiwa. Wengi wa zamani wanasoma kama MwanaWaGanda, kipimo ni kilichobaki mkononi. Wengine wanasoma kama Mjukuu, ni maombolezo. Yesu hasemi "nendeni mkafanye kama yeye", wala hamkemei. Miaka yote darasani nilifundisha ile ya kwanza. Leo nimesoma habari ya mbuzi wawili na sina uhakika ningeifundisha vile vile.

#16 TuktukStage (saa 8:31 mchana)

Sisi wa hapa tulioshuhudia Shakahola 2023, wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga hadi kufa, miili zaidi ya 400 ikitolewa ardhini msituni, tukisikia mtu anasema acha vyote, uza vyote, nywele zinasimama. Yule tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze alivyo navyo "uwape maskini". Hakuambiwa "uniletee mimi". Hapo ndipo pa kumpimia mhubiri yeyote, pesa inaishia kwa nani.

#17 Mpishi_Watamu (saa 9:20 alasiri)

Mimi nafanya kazi ya hoteli, nimeona upande mwingine wa kutoa. Wageni wanakuja na mabegi ya peremende na kalamu. Watoto wamejifunza "ciao" kabla ya a-e-i-o-u. Wakati wa wageni wengi unakuta mtoto wa darasa la nne ufukweni saa nne asubuhi, siku ya shule, kwa sababu pwani anapata shilingi mia na shuleni anapata viboko. Anayetoa ana moyo mzuri, sina ubishi. Anapiga picha na mtoto, anarudi kwao. Yesu alisema utoapo sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Siku hizi mkono wa kushoto ndio umeshika simu.

Halafu ikaja 2020, hoteli zikafungwa, sisi tuliokuwa tunawaonea huruma ombaomba tukajikuta kwenye foleni ya unga. Nilipanga mstari na mkuu wangu wa jikoni. Hatukusemezana.

#18 BintiMambrui (saa 9:34 alasiri)

Hilo la mkono wa kushoto nasi tunalo, katika hadithi ya watu saba watakaokuwa kivulini mwa Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli ila chake. Subhanallah.

#19 Chumvi_Gongoni (saa 11:05 jioni)

Mnaongea omba omba omba. Sisi wa mashamba ya chumvi tunafanya kazi na bado maskini. Miguu imechanika, ukikanyaga maji ya chumvi unaona nyota mchana. Kuna mahali niliwahi kufanya, mshahara ulichelewa miezi miwili, ukiuliza unaambiwa wengine wako getini wanangoja nafasi yako.

Yesu alisema mshahara wa vibarua mliouzuia unapiga kelele na umefika masikioni mwa Bwana. Hiyo mbona haihubiriwi?

#20 Katekista_Barani (saa 11:22 jioni)

Kaka, hiyo ni Yakobo 5:4, si Yesu. Ila ya Yesu ipo na inakufaa zaidi. Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja jioni bado anakuta watu wamesimama sokoni. Anawauliza mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi? Wanamjibu kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri. Hawaiti wavivu. Anawaajiri, na jioni anawapa dinari nzima sawa na wa alfajiri, maana tumbo la aliyekosa kazi halipungui.

Zipo pembe hapa mjini ukipita saa kumi na mbili asubuhi utawaona wa mjengo wamekaa juu ya karai zao. Saa tano ukirudi bado wapo.

#21 MwanaWaGanda (saa 11:40 jioni)

Mfano ule unahusu ufalme wa mbinguni, neema ya Mungu, si mishahara. Mnageuza kila kitu kuwa siasa.

#22 Chumvi_Gongoni (saa 11:44 jioni)

Wewe ukimwambia mtu mwenye njaa kwamba dinari ni mfano tu, atakuelewa?

#23 TuktukStage (saa 12:10 jioni)

Mimi nauliza ya ngamia na tundu ya sindano. Niliambiwa ni lango dogo Yerusalemu, ngamia akishushwa mzigo na kupiga magoti anapita. Abiria mmoja alinieleza vizuri sana.

#24 MwalimuMstaafu (saa 12:25 jioni)

Abiria wako alikupunja. Hakuna ushahidi wa lango kama hilo zama za Yesu, ni maelezo yaliyokuja karne nyingi baadaye, na yaliwafurahisha wenye mizigo. Sindano ni sindano. Wanafunzi wenyewe walishangaa wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Kungekuwa na lango wasingeshangaa.

#25 Ustadh_Shela (saa 12:50 jioni)

Kuna ngamia na tundu ya sindano katika Sura ya 7 aya ya 40 pia, kuhusu wanaokanusha ishara kwa kiburi. Hapo nako ni sindano.

#26 NahodhaKusi (Jumatatu, saa 11:30 alfajiri)

Nimesoma uzi wote, bahari imechafuka hatutoki. Huu ni wakati wa kusi, mashua ndogo zimefungwa, na nyumba nyingi za wavuvi zinakula mlo mmoja. Msimu wa kaskazi ukiwa mzuri mtu huyo huyo analeta nguru anagawia mtaa. Ndiyo maana nawaambia maskini si kabila la watu. Ni msimu. Kuna unaopita, kuna unaokukalia.

@MamaDukaMaweni huyo mzee, ana kovu la kamba kiganja cha kulia? Mrefu, anavaa kikoi cha mistari ya kijani?

#27 Katekista_Barani (saa 2:00 asubuhi)

Neno zito, nahodha. Na huenda linaeleza ugomvi wa zamani: Luka 6:20 inasema "Heri ninyi mlio maskini", na Mathayo 5:3 inasema "Heri walio maskini wa roho". Wenye mali wanapenda ya Mathayo, wasio nayo ya Luka. Neno la Kigiriki ni moja katika zote mbili, *ptochos*, na si mtu wa kipato kidogo, ni aliyekwisha kabisa, anayejikunyata akiomba. Ndilo analoitwa Lazaro wa Luka 16 pale mlangoni.

Na yule tajiri wa Lazaro hasemwi kuwa alimpiga wala kumfukuza. Alikuwa akimpita tu. Lazaro ana jina, tajiri hana, na ukimwacha Ibrahimu wa mfano huo huo, katika mifano yote ya Yesu hakuna mhusika mwingine aliyepewa jina.

#28 MwanaWaGanda (saa 2:35 asubuhi)

Nimefikiri usiku. Niweke hoja yangu sawasawa, sitaki nionekane sina moyo.

Mathayo 25, ile ya nilikuwa na njaa mkanipa chakula, inasema "ndugu zangu walio wadogo". Katika Mathayo, ndugu za Yesu ni wanaofanya mapenzi ya Baba (12:50), na wadogo wanaopewa kikombe cha maji ni wanafunzi (10:42). Kwa hiyo wapo wanaosema hukumu ile ni jinsi mataifa yalivyowapokea wajumbe wa Yesu, si kila ombaomba. Kanisa la kwanza lilianza na waliomo: Matendo 4:34 hapakuwa na mwenye mahitaji *miongoni mwao*. Nami kanisani kwetu niko kwenye kamati. Tunalipia watoto sita karo na wajane tunawajua kwa majina. Kopo la mlangoni haliwezi kufanya hivyo.

#29 MwalimuMstaafu (saa 3:00 asubuhi)

Hoja ya haki, na ina watu wazito nyuma yake. Lakini katika mandhari ile kondoo wenyewe, yaani wenye haki, wanashangaa, "Bwana, ni lini tulipokuona?" Kama wangejua wanampokea mjumbe wa Yesu wasingeshangaa hivyo. Na Luka 14 anasema ukifanya karamu usiwaite rafiki zako wala jirani wenye mali, waite maskini, vilema, viwete, vipofu, kwa kuwa hawana cha kukulipa. Hakuweka sharti la uanachama. Hebu fikiria harusi zetu hapa, hema la wageni wa heshima liko wapi na vipofu wa Ijumaa wako wapi.

Kwa kamati yako nakupa heko, bila kinyongo.

#30 MjukuuWaGanze (saa 3:20 asubuhi)

Mkitaka mfano wa karibu acheni karamu, semeni Fuladoyo. Miaka ya 1880 hivi, watumwa waliotoroka mashamba ya Waarabu na Waswahili huku pwani walikimbilia kwa Wagiriama Wakristo kule Fuladoyo, bara. Kiongozi wao David Koi alikuwa Mgiriama. Waliwapokea watoro wakijua wenyewe watafuatwa. Wakafuatwa kweli, na Koi akauawa. "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha" hapa kwetu ilimwagiwa damu.

#31 Ustadh_Shela (saa 3:41 asubuhi)

Historia hiyo ni kweli na inatuhusu sisi wazao wa pande zote mbili. Shukrani kwa kuitaja bila kutia matusi.

#32 Mpishi_Watamu (saa 4:15 asubuhi)

Turudi kwa mzee. Ana miaka mingapi? Serikali ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika 70. Aulizwe kama ameandikishwa. Wengi hukwama kwa sababu ya kitambulisho au alama za vidole hazisomeki. Wavuvi hasa, vidole vimelika kwa kamba.

#33 MamaDukaMaweni (Jumatatu, saa 4:00 usiku)

Asanteni, nasoma nikilia na kucheka. @NahodhaKusi kikoi cha kijani ndiyo. Kiganja sijawahi kukitazama. Miaka yote hii nimekuwa nikitia sarafu ndani yake na sijawahi kukitazama.

#34 NahodhaKusi (saa 4:22 usiku)

Basi ni yeye. Jina lake halitajwi hapa. Alikuwa nahodha nikiwa mtoto wa kubeba nanga. Wakati mmoja wa kusi chombo chetu kilivunjika mlingoti karibu na mlango wa mto Sabaki, kwenye yale maji mekundu, akatufunga watoto watatu kwa kamba moja kiunoni mwake. Kovu ni la kamba hiyo.

Nilidhani yuko kwa binti yake. Nami nimekaa mtaa wa pili hapo. Sina la kusema zaidi.

#35 Katekista_Barani (Jumanne, saa 1:00 asubuhi)

Nahodha, twende pamoja kwa chifu kuhusu hiyo Inua Jamii. Na ile kliniki ya macho inayokuja mara kwa mara, mtoto wa jicho hutolewa. Ukungu si lazima uwe upofu.

#36 MwanaWaGanda (saa 1:12 asubuhi)

Niandikeni nauli ya tuktuk. Kamati haihusiki, ni yangu.

#37 TuktukStage (saa 1:15 asubuhi)

Nauli ya nani tena? Weka pesa yako kwa dawa za macho. 😄

#38 MamaDukaMaweni (Ijumaa, saa 3:05 usiku)

Leo kopo lilikuwepo. Amekuja saa nne na robo, "Hodi hapa." Nikamwambia karibu, nikampa kiti ndani na mahamri mawili na mbaazi. Nikamuuliza jina. Akataja lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, kama mtu anayehesabiwa. Ana miaka 74. Kitambulisho kilipotea mafuriko ya Sabaki. Nahodha alikuja saa tano. Nilitoka nje nikawaacha.

Walipokuwa wamekaa, mchungaji aliingia kununua sukari kilo mbili. Akawaona. Akamwangalia mzee, akaangalia kopo, akaniuliza, "Huyu ni wa kwenu?"

#39 BintiMambrui (saa 3:08 usiku)

Ukamjibu nini?

#40 MamaDukaMaweni (saa 3:30 usiku)

Nilisema ndiyo. Akalipa, akasimama kidogo mlangoni, akamwamkia mzee "shikamoo". Kisha akaniambia Jumapili nisiondoke mapema baada ya ibada, anataka tuongee. Sijui ni kwa heri au kwa kunionya.

#41 MwanaWaGanda (saa 3:37 usiku)

Nenda na Marko 14 umeiwekea alama. Lakini mwache aseme yeye kwanza. Na lile la vyumba vya kupangisha bado nashikilia, niliyaona kwa macho yangu.

#42 MwalimuMstaafu (saa 3:40 usiku)

Uweke na Kumbukumbu 15. Ukisoma uanzie aya ya kwanza, usianzie ya 11.